Darasa la Ramadhani, Siku ya 17: Nyanya Bado Kijani, Mnunuzi Kashafika



Wenye bustani nyuma ya nyumba na wenye vitalu nyumba, la leo ni lenu. Katika Suratul An'aam, aya ya 99, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuyatazame matunda yanapozaa na yanapoiva. Basi hebu tutazame nyanya.

Tangu ua kushika mpaka tunda kuiva ni kama siku 45 hadi 60, na sehemu kubwa ya siku hizo tunda ni kijani tu. Likifikia ukubwa wake linasimama, utadhani limegoma. Kisha kitakoni hutokea umanjano hafifu, halafu wekundu unapanda taratibu. Joto la kaskazi likizidi nyuzi 30 ndani ya kitalu, wekundu haujengeki vizuri, tunda linabaki rangi ya chungwa. Ndiyo maana mchana tunakunja pazia za pembeni.

Sasa kabla ya hapo anakuja mnunuzi. Bei imepanda, anakwambia nipe zote, pesa hii hapa. Na zote bado kijani!

Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda mpaka yawe mekundu au manjano, akauliza: Allah akiyazuia yasiive, pesa ya ndugu yako utaichukua kwa haki gani? Wamepokea Bukhari na Muslim. Zayd bin Thabit (r.a.) naye ameeleza sababu: watu walikuwa wakinunua mapema, kufika mavuno ni magomvi, mara ugonjwa, mara yamepukutika. Zayd mwenyewe hakuuza matunda ya shamba lake mpaka ichomoze Thurayya, hizi nyota tunazoziita kilimia, na manjano yajulikane na mekundu. Kwetu wadudu na maradhi wana majina mengine, kantangaze, mnyauko, kuoza kitako, lakini ugomvi ni ule ule.

Anayezitaka mbichi kwa achari na anazichuma leo leo, hakuna tatizo. Zikishaanza kugeuka rangi, uza zilizopo mtini. Zitakazotokana na maua ya wiki ijayo, kwa madhehebu yetu ya Shafii, usiuze, maana hazipo.

Na mwenye shida ya pesa? Ipo biashara ya salam. Unapokea pesa yote pale pale mnapokubaliana, unaahidi kilo kadhaa za nyanya za sifa fulani kwa tarehe fulani, bila kuzifunga na bustani yako. Yako ikifa, unanunua kwingine unampelekea. Huo mzigo, jamani, upime kabla hujashika pesa.

Aliyekwisha kupokea pesa za nyanya za kijani mwezi huu, aje na mwenzake msikitini baada ya Alasiri, tukae watatu tuone zinarudi vipi au zinageuzwa kuwa mkataba gani.