SIMU HAIPIMI SUKARI

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Kutoka Kasungami kufika kwa munganga wa mjini ni safari, tena ni makuta. Mwenye ugonjwa wa sukari hawezi kuifanya kila anapojisikia vibaya. Hapo simu inaweza kusaidia. Lakini tujue mpaka wake.

Huko Kinshasa, wagonjwa wa sukari walifuatwa muda wa miaka miwili. Wengine walipelekewa mashauri katika simu, wengine hapana. Jaribio hilo lilifanywa pia Cambodia na Ufilipino. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: waliopata mashauri hawakuwashinda wenzao katika kutuliza sukari. Basi tusingoje simu ituponyeshe. Tuipe kazi inayoiweza: kupeleka habari kamili kwa munganga na kuleta jibu lake.

Kazini, anayeita msaada hasemi tu «Njooni, kuna hatari.» Anasema mahali, jambo lililotokea, na hesabu ya watu. Mgonjwa naye afanye vivyo hivyo.

KABLA YA KUPIGA SIMU, ANDIKA KATIKA DAFTARI:

1. Kipimo cha sukari, siku na saa. Ulikuwa umekula, au bado?
2. Dawa: jina, kiasi, na saa uliyoitumia. Kama imekwisha, sema bila haya.
3. Chakula na kazi. Zamu ya usiku hugeuza saa za bukari na saa za dawa. Munganga lazima ajue.
4. Miguu. Itazame kila siku ukivua buti, hata katikati ya vidole. Sukari huua maumivu: kidonda kinaweza kukua bila wewe kukisikia.

WAKATI WA KUTONGOJEA SIMU

Jasho, kutetemeka, maneno ya kuchanganyika: pengine sukari imeshuka chini ya 70. Kama mgonjwa anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, rudia. Aliyezimia asinyweshwe kitu: apelekwe hospitali mara moja. Vilevile mwenye sukari ya juu anayetapika, au anayepumua kwa nguvu na haraka.

ULIZO LA NYUMBANI

Kama baba hawezi kusema leo usiku, nani katika nyumba anajua daftari liko wapi, na nani atalisomea munganga?