Siku ya Kwanza kwa Mshauri

Familia nyingi za Kavumu, kilomita 30 hivi kaskazini ya Bukavu, zimefunga mizigo zaidi ya mara moja. Mwezi wa Februari 2025, M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha mji wa Bukavu, wengi walikimbia tena. Leo mtu asiyelala usiku huambiwa, «Nenda ukaongee na mshauri.» Anakubali kwa mdomo, lakini haendi. Anaogopa kwamba atalazimishwa kusimulia yote, na kesho mtaa mzima utajua.

Hofu hiyo ina msingi. Kati ya 2013 na 2016, makumi ya wasichana wadogo wa Kavumu walitekwa usiku kutoka nyumbani kwao wakabakwa. Katika mambo ya namna hiyo jirani anauliza, polisi anauliza, mgeni mwenye kamera anauliza, na kila mara kidonda kinafunguliwa upya. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi hapo hapo Kavumu mwishoni mwa 2017, na watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo, walihukumiwa kifungo cha maisha. Mashahidi walifunikwa mwili mzima na sauti zao zikabadilishwa. Kama mahakama iliweza kumlinda msemaji, mshauri naye anapaswa kuweza.

Basi ukifika, itakuwaje? Mshauri atakusalimu, atajitaja jina na kazi yake, na atakuuliza unataka lugha gani: Kiswahili, Mashi au nyingine. Mkae mahali ambapo watu hawawasikii. Kama mlango uko wazi na watu wanapitapita, omba mahali pengine. Si utovu wa adabu. Kisha ataeleza kwamba maneno yako ni siri, isipokuwa pale ambapo uhai wako au wa mwingine uko hatarini, au mtoto anaumizwa. Akisahau kueleza hayo, mwulize. Mwulize pia daftari lake linakaa wapi, na kama jina lako limeandikwa humo au ni namba tu. Katika nchi yenye vita swali hilo si dogo.

Maswali ya siku ya kwanza huwa ya kawaida: unalala vipi, unakula, nani yuko nawe nyumbani, ni nini kinakusumbua zaidi. Kilichotokea utakisema ukiwa tayari, hata kama ni baada ya wiki nyingi. Unaweza kujibu, «Hilo bado.» Unaweza kulia au kunyamaza. Mtoto, kwa kawaida, atapewa karatasi ya kuchora au atacheza.

Usitegemee kutoka umepona. Wengine usiku ule ndoto huzidi, kisha hupungua. Usitegemee pia pesa wala turubai. Kazi hiyo ni ya wengine. Na mtu yeyote akidai malipo ya siri, au jambo la mwili, ili akusikilize, huyo si mshauri. Ondoka, umwambie mtu unayemwamini.

Jambo moja halingoji mazungumzo. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya haraka: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, matibabu na ushauri huenda pamoja, na mgonjwa hupewa mama wa kumsindikiza. Wenyewe wanamwita «Maman Chérie».

Sasa neno kwa viongozi, chefu wa kijiji na mchungaji pamoja. Mmezoea kupewa ripoti, na kwa ugomvi wa mashamba ni sawa. Hapa msiulize mshauri alichoambiwa. Msimwite mama mbele ya mkutano atoe ushuhuda, hata kwa nia njema. Kazi yenu ni kuonyesha njia, kumtafutia mtu wa kubaki na watoto, na kunyamazisha wanaosema anayekwenda kule ni kichaa.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Hapa kwetu, ni mahali gani watu wawili wanaweza kuongea bila kusikiwa? Na mama akirudi kutoka kwa mshauri, ni maswali gani hatutamwuliza?