Kutoka Uwanja wa Ndege Hadi Mnadani: Hesabu ya Safari ya Masasi na Newala

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, miji ya Masasi na Newala hupokea wageni ambao miezi mingine haiwaoni: wanunuzi wa India na Vietnam, mawakala wao wa Dar es Salaam, ndugu walioko Muscat wanaotaka kujaribu mtaji mdogo, wenye malori na wauza magunia. Wote wanafuata mnada. Minada hiyo huandaliwa na vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa upande wa Tandahimba na Newala. Korosho zinazouzwa hukusanywa na vyama vya msingi kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza msimu wa 2007/2008.

Tangu mwaka 2024 bei hutolewa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na wapo wanaouliza kwa nini mtu apoteze siku mbili barabarani wakati anaweza kubonyeza akiwa Kariakoo. Jibu liko ghalani. Korosho ghafi hununuliwa kwa kilo, lakini thamani yake ni kiini, na wanunuzi hupima ni ratili ngapi za kiini zinazotoka katika gunia la kilo 80. Tuseme mnunuzi ameweka bei ya shilingi 3,000 kwa kilo akitegemea ratili 50, kisha mzigo ukatoa 47. Amekosa asilimia 6. Kwa tani 100 hiyo ni shilingi milioni 18, na hakuna tiketi ya basi inayofikia hapo. Kwa hiyo safari ihesabiwe kama gharama ya kukagua mzigo, na anayetaka kukagua lazima awe amefika siku moja kabla ya mnada.

Njia ya kawaida ni ya basi. Abiria anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ambao jengo lake la tatu lilianza kutumika mwaka 2019, akiwa na mzigo mwepesi anaweza kutoka hadi Barabara ya Nyerere na kupanda daladala la kuelekea mjini, ashuke Tazara. Hapo hubadilisha na kufuata Barabara ya Mandela hadi Uhasibu, kisha Barabara ya Kilwa hadi Mbagala Rangi Tatu, ambako mabasi ya kusini hupita. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, daladala la safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, na la kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 700. Vipande vyote viwili havifiki 2,000. Teksi itakula mara nyingi ya hiyo, ingawa anayetua usiku wa manane na mabegi matatu hana haja ya kuona haya kuikodi. Anayekuja kupitia Zanzibar ana nafuu, kwani boti humshusha katikati ya jiji, karibu na Gerezani inakoanzia njia ya mwendokasi ya Mbagala.

Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ni kiasi cha kilomita 580 kupitia Kibiti, Somanga, Lindi na Mingoyo. Kiwango cha Desemba 2023 kwa mabasi ya masafa marefu kilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, yaani kama 28,000 na 39,000 kwa safari nzima. Nauli iliyo mbali sana na hesabu hiyo iulizwe kabla ya kulipa, na tiketi ikatwe ofisini kwa kampuni, si mkononi mwa mpiga debe. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Hilo limemsaidia mfanyabiashara: anaweza kutua mchana, akapanda basi jioni, na kuamkia Masasi.

Wazee wa biashara hii wanakumbuka hali nyingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yalipokolea watu walipendelea kwenda Mtwara kwa meli. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilikuwa imekwisha kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Barabara ya lami nayo haina kinga ya kila kitu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga na kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mnada wa Oktoba hauna hofu hiyo, lakini wa Desemba unaweza kuwa nayo.

Njia ya pili ni kuunganisha ndege ya ndani hadi Mtwara, safari ya kama saa moja. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Ndege humwacha msafiri pwani, na mnada uko bara. Kwenda Masasi kwa lami kupitia Mingoyo bado ni kilomita 200 hivi za basi. Akifika Mtwara alasiri, huenda akalala hapo, na saa alizonunua kwa ndege zote zinaishia kitandani.

Kwa Newala mambo ni tofauti. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210, na kwa anayekwenda Tandahimba au Newala ndege ya Mtwara ina maana. Lakini kilomita 50 za kwanza tu, hadi Mnivata, ndizo zilizotangulia kupata lami. Mikataba ya kilomita 160 zilizobaki, 100 hadi Mitesa na 60 hadi Masasi, ilisainiwa mwaka 2023 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya ndege ni vema kumpigia dereva wa huko na kuuliza michepuko iko wapi wiki hiyo, hasa kwenye miinuko ya kupanda uwanda wa Makonde, ambako udongo ukilowa gari dogo huteleza.

Anayetaka kuona maghala ya vyama vya msingi upande wa Lulindi asikae Newala. Lulindi iko wilaya ya Masasi, chini ya uwanda, na magari yake hutafutwa stendi ya Masasi. Yanayotoka vijijini hufika mjini asubuhi na kurudi mchana yakishajaa, na hayana ratiba ya kubandikwa ukutani. Atakayechelewa atabaki na bodaboda, na bei yake wakati wa msimu hupangwa na mwenye pikipiki.