SOMO LA BIOLOGIA: JENI YA UGONJWA INATAFUTWA GINSI GANI?

Wanafunzi wenzetu, habari ya jeni na kromozomu tumekwisha kuisoma darasani. Sasa tuone kazi yake katika ugonjwa mumoja wa uriti, jina lake distonia. Mara nyingi unaanza kwa mutoto wa miaka karibu 12: muguu ao mukono unajipinda wenyewe, bila yeye kutaka. Kiisha unaweza kusambaa mwilini. Akili inabaki nzima.

Munganga Hermann Oppenheim wa Berlin aliandika juu yake mwaka 1911. Ulionekana kurudi katika jamaa zilezile. Lakini wagonjwa wengi katika nyumba moja, ile haitoshi kusema ni uriti. Sisi wa Kongo tunajua konzo ya kule Kwango: inakamata watoto wa nyumba moja, kumbe sababu kubwa ni muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha. Wanakula katika chungu kimoja, basi.

Kwa hiyo watafuti wa Boston, Marekani, walipima damu ya jamaa moja kubwa, wagonjwa na wazima pamoja. Walitafuta alama ya kromozomu inayofuatana na ugonjwa toka muzazi mpaka mutoto. Vitu viwili vinavyokaa karibu kwa kromozomu vinasafiri pamoja. Vya mbali vinaachana mara nyingi. Mwaka 1989 alama ilionekana kwa kromozomu 9. Walijua kartye, lakini nyumba bado. Mwaka 1997 tu ndipo Laurie Ozelius, Xandra Breakefield na wenzao walitangaza jeni yenyewe, TOR1A. Herufi tatu za ADN, GAG, zilikosekana, na protini yake inapungukiwa na asidi-amino moja.

Nakala moja yenye kosa, ya baba ao ya mama, inatosha kuleta ugonjwa. Lakini kwa watu 10 walio nayo, karibu 3 tu wanaugua. Ndiyo maana wazazi wazima kabisa wanaweza kuzaa mutoto mugonjwa, na majirani wanaanza kutafuta mulozi. Mulozi hayuko. Mama naye hana kosa.

Zoezi: Baba iko na nakala moja yenye kosa, mama hana. Kuipokea ni mara 1 kwa 2. Kuugua je, ni ngapi kwa 100? Tufanye hesabu kabla ya kuuliza mwalimu.