Mchunga wa Nyumbani: Kuupanda, Kuupika na Kuutumia kwa Usalama

Mvua za kwanza zikinyesha, mchunga huota kabla mahindi hayajafikia palizi ya kwanza. Huota pembeni mwa matuta, kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kando ya njia na nyuma ya nyumba. Kwa vizazi vingi kina mama na watoto wa Tanga, Pwani na Morogoro, na kwa upande wa Kenya kuanzia Kwale na Kilifi hadi Ukambani, wameuchuma bila kuupanda. Wasambaa huuita mshunga, Wagiriama mtsunga, Wajaluo achak. Wataalamu wa mimea huuandika Launaea cornuta na kuuweka katika jamii moja na alizeti na saladi.

Kijitabu hiki kinakuomba jambo moja: utengee mchunga tuta lake karibu na nyumba. Huenda ukashangaa kuambiwa upande kitu ambacho wakulima wengi hukiita gugu, tena gugu sugu. Sababu ni kwamba mashamba tunayochuma leo si yale waliyochuma bibi zetu.

Zamani gugu liling'olewa kwa jembe na mkono. Siku hizi wakulima wengi hupiga dawa. Dawa za kundi la 2,4-D hupendwa kwenye mahindi kwa sababu huua mimea ya majani mapana na kuiacha nafaka, na mchunga ni mmea wa majani mapana. Ile iitwayo glifosati huingia kupitia majani na kushuka hadi kwenye mizizi. Mmea uliopigwa glifosati haunyauki siku ile ile. Unaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, ukiwa bado kijani kibichi cha kuvutia. Mchumaji anayepita asubuhi inayofuata haoni alama yoyote, na kuosha kwa maji hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Ndiyo maana tunasema kwa msisitizo: usichume mchunga kwenye shamba la mtu kabla hujamuuliza kama amepiga dawa na lini. Akisita kujibu, ondoka.

Mijini hatari ni nyingine. Mchunga humea vizuri kwenye mitaro ya maji machafu, karibu na gereji, chini ya kuta zilizobanduka rangi ya zamani na kando ya barabara kuu. Udongo wa sehemu hizo unaweza kuwa na risasi na metali nyingine nzito ambazo mboga za majani hubeba, ama kwa kuzifyonza ama kwa vumbi linalotua juu yake. Moto wa jikoni hauziondoi. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua.

KUUTAMBUA

Mchunga huanza kama duara la majani yaliyolala karibu na ardhi. Majani ni marefu na membamba, mara nyingi yamekatika pembeni na kutoa vipande vilivyochongoka mithili ya pembe. Baadaye hutoa shina lililo wazi ndani, lenye matawi, linaloweza kuzidi mita moja. Ukilivunja jani au shina, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni madogo ya njano, na yakikomaa hugeuka kuwa vishada vya nywele nyeupe zinazopeperusha mbegu.

Mchunga una ndugu wa jenasi ya Sonchus ambao watu wa nyanda za juu huwaita pia mchunga. Hao majani yao hukumbatia shina, na baadhi wana miiba kwenye kingo. Nao huliwa wakiwa wachanga. Wamaori wa New Zealand humwita mmojawapo puha, na ni mboga yao ya heshima.

Usitegemee utomvu mweupe peke yake. Mimea ya jamii ya mnyaa nayo hutoa maziwa, na mingi kati yake ina sumu au huunguza ngozi na macho. Angalia dalili tatu kwa pamoja: duara la majani chini, utomvu mweupe, na ua la njano la vipetali vingi vyembamba. Kuna pia mmea wa miiba mikali, majani yenye mishipa myeupe na maua makubwa ya njano yenye vipetali vichache vipana, ambao wataalamu huuita Argemone mexicana. Mgeni anaweza kuudhania ni mchunga wenye miiba. Huo hutoa utomvu wa njano, na mbegu zake ni sumu. Mtoto anayetumwa kuchuma afundishwe kwanza kuvunja jani na kutazama rangi. Mmea wowote usio na hakika nao uache ulipo.

KUUPANDA

Njia rahisi ni mizizi. Chimba mchunga ulio mahali safi, chukua mizizi minene inayotambaa chini, kisha ikate vipande vya urefu wa kidole. Vilaze kwenye vijishimo vya kina cha sentimita tatu hadi tano, ukiachanisha sentimita 20 hadi 30. Funika, mwagilia, tandaza nyasi kavu juu. Ukipenda mbegu, zivune vishada vinapoanza kufunguka kabla upepo haujavichukua, uzisambaze juu ya kitalu laini na kuzifunika kwa udongo mwembamba sana. Mbegu hizi ni ndogo na zikizikwa hazitoki.

Mchunga huvumilia udongo dhaifu na ukame, lakini majani yanayotoka kwenye udongo maskini na mkavu huwa magumu na machungu kupita kiasi. Samadi iliyooza vizuri na maji ya mara kwa mara hukupa jani pana na laini. Anza kuchuma mmea unapokuwa umejaza duara la majani, yale ya nje kwanza, ukiacha kitovu. Shina la maua likijitokeza, likate mara moja. Kwa kufanya hivyo unalazimisha mmea urudi kutoa majani, na unazuia mbegu zisimsumbue jirani.

Hapa tuseme wazi kwa nini wakulima wanauchukia, maana wana haki. Mizizi ya mchunga hutambaa mbali chini ya ardhi, na kila kipande kinachobaki kinaweza kuwa mmea mpya. Anayeulima kwa jembe au trekta akidhani anaumaliza, anaukatakata na kuupanda upya shamba zima. Kwa hiyo usiupande katikati ya shamba la mazao mengine. Upande kwenye salfeti iliyojazwa udongo, ndoo iliyotoboka, tairi kuukuu lililotandikwa kitu chini, au tuta lililozungushiwa mawe na mfereji. Jembe lililotumika hapo lisafishwe kabla halijaenda kwingine. Mizizi unayopunguza ianikwe juani hadi ikauke kabisa, isitupwe kwenye shimo la mboji ikiwa mibichi. Salfeti tatu au nne zilizotunzwa zinatosha kuongeza mboga kwenye chungu cha familia kila wiki, hata kwa mpangaji wa chumba kimoja mwenye ua mdogo.

KUUPIKA

Wapo wanaouita mchunga chakula cha sungura, na ni kweli sungura wanaupenda. Wapo wanaouona ni mboga ya msimu wa njaa. Dharau hiyo imewanyima watoto wengi mboga iliyokuwa mlangoni. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba takriban wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Hakuna mboga moja itakayomaliza tatizo hilo, kwa kuwa linatokana pia na malaria, minyoo, kutokwa damu na lishe duni kwa ujumla. Hata hivyo, kaya inayokula majani ya kijani kila siku ina msingi bora kuliko inayongoja siku ya kununua nyama.

Uchungu ndio unaowakimbiza vijana. Wengi huuchemsha sana, humwaga maji, huchemsha tena na kumwaga tena. Uchungu hupungua, lakini vitamini C na sehemu ya madini navyo humwagwa. Wengine hutia magadi ili majani yalainike. Magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B. Ushauri wetu ni kuchuma jani changa asubuhi na kulichanganya. Fungu moja la mchunga kwa mafungu mawili ya mchicha, majani ya maboga au kunde ni mwanzo mzuri kwa asiyeuzoea. Mzoefu ataongeza mwenyewe.

Chambua majani, yaoshe yakiwa mazima, kisha ndipo uyakate. Kaanga kitunguu, ongeza nyanya, tia mboga na chumvi kidogo, funika dakika chache mpaka zisinyae. Mimina tui la nazi, koroga polepole hadi lichemke, epua. Ambako nazi ni ghali, karanga zilizosagwa hufanya kazi ile ile, na kwa wengi ndizo tamu zaidi. Mafuta haya si ya ladha tu: mwili unayahitaji ili ufyonze kile kilichomo kwenye majani ya kijani ambacho hukigeuza kuwa vitamini A. Kamulia ndimu ukiwa mezani, kwa maana vitamini C husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Dagaa wakiwemo, bora zaidi. Chai na kahawa zisubiri walau saa moja baada ya mlo, kwa sababu huzuia chuma hicho.

MCHUNGA NA DAWA

Watu wetu huchemsha mizizi na majani ya mchunga kwa maumivu ya tumbo, homa, malaria na kisukari. Ujuzi huo una thamani na unastahili kuchunguzwa kwa makini. Wanasayansi wameanza kufanya hivyo, lakini mengi yaliyojaribiwa yamefanyika kwenye vyombo vya maabara na kwa panya. Umbali kati ya panya na mgonjwa ni mkubwa.

Mfano mzuri ni pakanga ya Kichina, nayo ya jamii ya alizeti. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walichota kutoka humo kiini cha atemisinini mwaka 1972, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayopewa kituoni kwa malaria imejengwa juu ya kiini hicho. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai ya pakanga badala ya dawa mseto, kwa kuwa kiasi cha kiini hubadilika kikombe hadi kikombe, na dozi pungufu huwapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mmea uliothibitishwa, basi mchunga ambao haujathibitishwa usiachiwe maisha ya mtoto mwenye homa. Apimwe malaria na aanze matibabu ndani ya saa 24. Mboga ale akipata nafuu.

Anayetumia dawa za kisukari asinywe maji mazito ya mchunga bila kumwambia mhudumu wa afya. Sukari ikishuka ghafla mtu huzimia. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, ale mboga za majani kwa kiwango kisichopandapanda na kushuka, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupingana na dawa. Mjamzito ale mboga ya mchunga kama kawaida yake, lakini mizizi iliyochemshwa aiache kabisa. Mwenye ngozi inayowasha akigusa utomvu avae glavu au achumiwe na mwingine. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na waganga wanapaswa kusajiliwa. Ukienda kwa mganga, muulize usajili wake na mwambie dawa zote unazomeza.

KUUZA

Mchunga hunyauka haraka. Vuna alfajiri, funga mafungu madogo, funika kwa kitambaa chenye maji na uweke kivulini. Usiuzamishe ndani ya ndoo ya maji machafu ya sokoni ili uonekane mbichi. Ziada ikaushwe kivulini, si juani, baada ya kuchovywa dakika moja au mbili kwenye maji yanayochemka. Na mteja akikuuliza umeuchuma wapi, mwoneshe picha ya salfeti zako au mkaribishe aje azione.