SOMO LETU: Kabla ya Kulipa Karo ya Kompyuta, Tuulize Kwanza



Mwaka wa 2014 mama mmoja wa kikundi upande wa Kuresoi aliniletea kikaratasi alichopewa kwenye steji ya matatu mjini Nakuru. Kilisema: diploma ya kompyuta, miezi 6, kazi iko. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata D+. Mama hakusoma sana, kwa hivyo aliniomba nimsomee. Nilikisoma, nikamwambia, "Mama, naona ni kozi nzuri." Akauza mtamba aliyekuwa karibu kuzaa. Kikundi nacho kikampa pesa za merigo kabla ya zamu yake kufika.

Msichana alisoma akamaliza, akapewa cheti chenye muhuri mkubwa mwekundu. Baadaye alikipeleka mahali alipoomba kazi, akaambiwa, "Dada, hiki cheti hakitambuliki." Aliporudi pale koleji kuuliza, alikuta chumba kimekuwa duka la nguo. Mtamba alikwenda, maziwa yakakosekana, na deni la merigo likabaki.

Kosa hilo nalihesabu kuwa langu pia. Mimi nimesomea diploma, na sikuuliza hata swali moja. Somo la leo ni yale maswali ambayo ningeuliza siku ile. Someni pamoja katika mkutano, polepole, na mwenye kujua kusoma awasomee wengine.

SWALI LA 1: TUNATAKA KOMPYUTA YA KUFANYIA NINI?

Watu wengi husema tu, "Mtoto asome kompyuta." Hiyo ni sawa na kumwambia fundi, "Nipatie chombo." Jembe ni chombo, na cherehani ni chombo. Kwanza semeni kazi, halafu kozi itajulikana. Katika vikundi vyetu nimeona mahitaji ya namna nne.

(a) Katibu au mwekahazina wa kikundi. Huyu anataka kuandika kumbukumbu za mkutano, kuweka hesabu za akiba na mikopo, kutuma barua pepe na kuprinti ripoti. Hahitaji diploma. Anahitaji Word ya kuandikia, Excel ya majedwali na hesabu, na kujua kuhifadhi kazi isipotee. Wiki chache za mazoezi zinamtosha, bora awe na mahali pa kuendelea kufanya kazi hiyo. Cheti kwake si jambo kubwa. Kitabu cha mahesabu kilicho sawasawa ndicho cheti chake.

(b) Kijana anayetafuta kazi ya kuajiriwa. Hapa tuseme ukweli. Zile kozi fupi tunazoziita pakeji, yaani Windows, Word, Excel, PowerPoint na intaneti, si taaluma kamili. Ni kama kujua kuendesha baiskeli: inakusaidia kufika kazini, lakini si kazi yenyewe. Mwenye duka la pembejeo pale Njoro anataka mtu anayejua stoo na hesabu, na tena anajua kompyuta. Kwa hivyo kijana asome ufundi au taaluma fulani kwanza, kama uhasibu, kilimo, umeme au ununuzi, na pakeji ziwe nyongeza. Akitaka kompyuta yenyewe iwe taaluma yake, basi asome kozi ndefu yenye mtihani wa taifa.

(c) Anayetaka kurekebisha mashine na simu. Huyu asipoteze miezi akijifunza kutaipu. Atafute mafunzo ya ufundi wenyewe, na aulize kama wanafunzi hufungua mashine kwa mikono yao au hutazama tu mwalimu akifungua.

(d) Anayetaka kujiajiri. Tangu eCitizen ianze mwaka wa 2014, huduma nyingi za serikali zimehamia kwenye intaneti, na watu vijijini wanatafuta wa kuwasaidia kujaza fomu za KRA, za HELB na nyinginezo. Saiba ndogo sokoni inaweza kuleta riziki. Huyu anahitaji kujua intaneti vizuri, kuskani na kuprinti, na tena kutunza siri za watu. Kwa kazi za mtandaoni, serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka wa 2016, na mafunzo yake hayalipishwi. Mtu akikuuliza pesa ili akuingize Ajira, shika mfuko wako.

SWALI LA 2: KOLEJI HII INATAMBULIKA NA NANI?

Sheria ya mwaka wa 2013 iliunda mamlaka inayoitwa TVETA, ambayo kazi yake ni kukagua na kusajili vyuo vya ufundi, vya serikali na vya watu binafsi. Koleji ya haki ina cheti cha TVETA. Fanyeni hivi:

Kwanza, ombeni kukiona cheti hicho. Angalieni jina, mahali na tarehe, kwa kuwa kina muda wake. Muulize pia kama kozi mnayoitaka imo katika zile walizoruhusiwa kufundisha.

Pili, msidanganywe na karatasi zilizotundikwa ukutani. Leseni ya biashara ya kaunti inamruhusu mtu kufungua mlango na kufanya biashara. Cheti cha kusajili jina la kampuni ni cha jina tu. Hivyo viwili si ruhusa ya kufundisha. Mimi ile siku ningeona karatasi hizo ningeridhika, na hapo ndipo wengi tunaponaswa.

Tatu, TVETA huweka orodha ya vyuo vilivyosajiliwa kwenye tovuti yake. Mwambie kijana wa saiba akufungulie na mtafute jina la koleji pamoja. Ni kazi ya dakika chache, na ni rahisi kuliko mtamba.

SWALI LA 3: MTIHANI NI WA NANI?

Hapa ndipo penye siri ya cheti. Uliza, "Mwisho wa kozi, nani atatahini mtoto wangu, na nani ataweka sahihi kwenye cheti?" Wakijibu KNEC, TVET CDACC, KASNEB au NITA, hivyo ni vyombo vinavyojulikana nchini. Wakisema, "Tunatahini wenyewe," basi fahamu kwamba hicho ni cheti cha ndani. Kwa katibu wa kikundi kinaweza kutosha. Kwa kijana wa kutafuta kazi au kuendelea na masomo, ni hatari.

Tena linganisheni jina la cheti na alama za mtoto. Kwa kawaida diploma huombwa angalau C- katika KCSE, na cheti cha kraft D. Mwenye alama za chini anaweza kuanza na artizani na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Hakuna aibu hapo. Lakini koleji ikimpokea mtoto wa D+ moja kwa moja kwenye diploma, tena ya miezi 6, jiulize wanauza masomo au wanauza karatasi.

Neno moja zaidi. Kuna wazazi waliolipa pesa za mtihani, na siku ya mtihani jina la mtoto halikuwepo. Ukilipa, chukua risiti, na usitulie mpaka uone uthibitisho kwamba mtoto amesajiliwa kwa jina lake mwenyewe.

SWALI LA 4: MTOTO ATAKAA KWENYE MASHINE SAA NGAPI?

Nilipokuwa nasomea kazi ya jamii, kompyuta tulifundishwa ubaoni. Tulichora kibodi kwa penseli na kutaja sehemu zake. Nilipita vizuri. Nilipofika ofisini, sikujua kuchora hata jedwali la majina kumi. Nilifundishwa upya na karani kijana kuliko mimi, nami namshukuru mpaka leo.

Kwa hivyo ingieni darasani mkahesabu. Tuseme wanafunzi ni 24 na mashine zinazowaka ni 8. Hapo ni watoto 3 kwa mashine 1. Somo likiwa la saa 2, kila mmoja anashika mashine dakika 40 tu. Kwa siku 40, mmoja amelipa karo ya saa 80 na kupata saa 26 na dakika 40. Angalieni pia kama stima inapopotea kuna njia nyingine, na kama mwanafunzi anaruhusiwa kuja kufanya mazoezi baada ya somo. Msihesabu zile mashine zilizofunikwa kitambaa. Mwambieni aziwashe.

Ongeeni na mwanafunzi mmoja nje ya geti, si mbele ya mwenye koleji. Atawaambia ukweli.

SWALI LA 5: GHARAMA YOTE NI NGAPI?

Karo iliyo kwenye kikaratasi si gharama yote. Huu ni mfano tu. Wekeni bei za kwenu.

Koleji ya mjini, miezi 2, siku 40 za masomo:
Karo: shilingi 6,000
Nauli, 300 kwa siku kwenda na kurudi: shilingi 12,000
Chakula cha mchana, 100 kwa siku: shilingi 4,000
Usajili, mtihani na cheti: shilingi 3,000
Jumla: shilingi 25,000

Chuo cha ufundi karibu na nyumbani, mtoto anatembea na kula nyumbani:
Karo: shilingi 9,000
Usajili, mtihani na cheti: shilingi 2,500
Jumla: shilingi 11,500

Mnaona? Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, tena zaidi ya mara mbili. Ulizeni kama mnaweza kulipa kidogo kidogo, na kama mtoto akiugua pesa zitarudishwa au atamalizia baadaye. Jibu liandikwe, lisiwe la mdomo tu. Tena ulizeni habari za basari za kaunti na za CDF kabla ya kuuza mnyama.

TUSIDHARAU VYUO VYA KARIBU

Watu wengi huvipita vyuo vyetu vya ufundi wakikimbilia ghorofani mjini. Tukumbuke vilikotoka. Mwaka wa 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza watoto waende wapi wakitoka shuleni, na kutokana na wazo hilo zikaanza poliyteknik za vijijini, nyingi zikijengwa kwa mikono ya wananchi. Baadaye ziliitwa za vijana, na leo ni vyuo vya mafunzo ya ufundi chini ya kaunti. Si vyote vilivyo na kompyuta nzuri, kwa hivyo maswali yale yale matano mkavihoji navyo. Lakini anzeni hapo kabla ya kupanda matatu.

BAADA YA KOZI

Kompyuta ni kama lugha, usipoitumia inakutoka. Kabla ya kumtuma mtu, kikundi kikubaliane atafanyia wapi mazoezi. Ombeni saa mbili kwa wiki katika ofisi ya parokia au katika shule iliyo karibu. Na kama kikundi ndicho kilicholipa, andikeni mapatano: atakitumikia kikundi muda gani, na atawafundisha wangapi. Hapo pesa ya mmoja inakuwa elimu ya kumi.

Mnataka kujua habari za yule binti? Mwaka wa 2017 alianza upya katika chuo cha ufundi kilicho karibu na kwao, akaanzia ngazi ya chini. Safari hii mama yake alimpeleka mwenyewe, akahesabu mashine moja moja kwa kidole, akamwambia msimamizi, "Nionyeshe ile karatasi ya TVETA." Alionyeshwa. Leo binti ndiye anayeweka rekodi za maziwa za kikundi chao, na kila mwezi mkulima anapata karatasi yake yenye kilo na pesa. Deni la merigo lililipwa pole pole. Mtamba mwingine bado hajanunuliwa.

Haraka haraka haina baraka. Kuuliza si ujinga, jamani. Anayewachukia kwa sababu mmeuliza, huyo msimpe pesa zenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani anahitaji kujifunza kompyuta, na ni ya kazi gani kati ya zile nne?
2. Je, kuna mmoja wetu aliyewahi kulipia kozi isiyomfaa? Ni swali gani halikuulizwa?
3. Kikundi kisaidie karo ya mtoto wa mwanachama kwa mkopo, kwa zawadi au kwa mapatano ya kazi? Kila njia ina faida na hasara gani?
4. Ni wapi karibu nasi ambapo mtu anaweza kufanya mazoezi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili, mmoja mzazi na mmoja kijana. Waende chuo kimoja cha karibu na koleji moja ya mjini wakiwa na maswali yale matano kwenye karatasi. Waandike majibu, wahesabu mashine, na warudi na bei zote. Mwekahazina aziweke ubaoni, upande huu na upande huu, kama tulivyofanya hapo juu. Msilipe shilingi hata moja siku hiyo, hata mkiambiwa ofa inaisha jioni.