Dondoo muhimu: Kabla ya kununua pikipiki ya umeme Chang'ombe, Dodoma

Anza na betri. Ya asidi ni ya bei nafuu, lakini ni nzito na huchoka mapema. Ya lithiamu huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Kisha zidisha volti kwa ampea-saa, ugawe kwa 1,000: betri ya volti 60 na ampea-saa 20 inabeba uniti 1.2. Zidisha uniti hizo kwa bei unayolipa kwenye LUKU, kisha linganisha na gharama ya petroli unayochoma sasa. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, usimwachie muuzaji.

Kwa safari za Soko la Majengo au Sabasaba, betri ndogo inatosha. Kwenda Mtumba ni habari nyingine: ni zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji, kuna kurudi, na upepo wa Dodoma ukikupiga usoni hula chaji.

Betri iliyotoka juani iache kivulini ipoe kwanza. Na tafadhali, usiichaji usiku karibu na mlango wala chumbani wanakolala watoto. Ikishika moto, njia ya kutokea imezibwa. Soketi iliyolegea ibadilishwe na fundi.

Ukibeba abiria kwa malipo, kata leseni ya LATRA.